Mkono wa Kioo

Jumamosi ya nne hii, soko la Eliava.
Tope la Februari limekunywa oili
mpaka linang'aa kama shingo ya njiwa.
Nauliza kibanda kwa kibanda:
mkono wa kuzungushia kioo, mlango wa mbele, kulia,
Volga ya mwaka sitini na mbili.
Badri anatafuna mkate wa maharage, hanyanyuki.
"Opel ninazo, Prius ninayo nusu.
Volga, dada yangu, muulize Mungu,
yeye na hilo gari walisoma darasa moja."

Kufa kufaana: hapa ndipo kwenyewe.
Milango imeegemea ukuta, haina wa kumfungulia.
Taa zimerundikwa kwenye ndoo, zinatazama juu.
Giaboksi limelazwa chali kwenye kadibodi,
na fundi mwenye tochi mdomoni
anatia mkono mzima, hadi kwenye kiwiko,
kama mkunga wa ng'ombe.

Mengine nimeyapata.
Pampu ya mafuta ilitoka Gori, kwa chupa kumi na moja za divai,
na mwenyewe alizihesabu mara mbili.
Gasketi nimezikata mimi, kwa mkasi wa mama wa kushonea;
ugomvi huo haujaisha.
Yule kulungu wa boneti, aliyeng'olewa usiku tumelala,
nimemnunua kwenye daraja la vitu vya kale,
kati ya nishani na vijiko vya fedha.
Huenda ni wetu yule yule. Hakusema.

Lakini mkono, hapana.
Ulikatika majira ya baridi ya tisini na tatu,
umeme hakuna, petroli inauzwa kwa chupa za achari.
Kwenye kizuizi askari aligonga upande wa mama;
akazungusha kwa pupa, ukamkatikia kiganjani.
Sigara tulizipitisha kwenye upenyo, moja moja,
nami kiti cha nyuma nikizihesabu kimoyomoyo.
Tangu siku ile, koleo.
Koleo lilikaa kwenye kidroo, miwani ya baba juu yake,
na baba, kila kiangazi: "Kesho nitanunua mwingine."
Alizikwa akiwa na kesho nyingi.

Rustavi, ghorofa ya nane, lifti inayokula sarafu.
Lamara, mjane wa dereva wa kiwanda cha chuma,
ameweka vipuri vya marehemu ndani ya bafu,
kimoja kimoja, vimefungwa magazeti
ya nchi isiyokuwepo tena.
Yeye huoga kwa beseni.
Alifungua vifurushi kumi na sita. Sikupumua.
Cha kumi na saba kilikuwa na mkono.
Cha kumi na nane, pacha wake.
"Bei gani?"
"Gari linawaka?"
"Bado."
"Basi chukua mmoja. Huu unabaki rehani.
Liwake, ulilete hapa chini, nilisikie.
Pesa tutaziongea baadaye."

Lilikohoa Machi yote.
Aprili, siku ambayo sikuwa hata nimevaa viatu, liliwaka.

Tulisimama chini ya lile jengo, nikakanyaga mafuta,
na huko juu akatokea na taulo kichwani.
Hakupunga. Aliinamisha sikio, muda mrefu,
hata majirani wakaanza kufunga madirisha.
Kisha gazeti lilianguka, likatua kwenye nyasi,
na ndani yake pacha.
Pesa nilizipandisha kwa lifti. Zikashuka nami.

Njia ya kurudi jua lilikuwa kali.
Mama akataka hewa.
Mkono upo, unameremeta karibu na goti lake,
nimeusugua kwa majivu hadi naona meno yangu.
Akafungua kidroo, akatoa koleo,
akainama, akitafuta pa kuuma.

Sikusema kitu. Nilipunguza mwendo.