Mlango wa Chini

Mwaka ule, huku Cape Breton, theluji iliyeyuka kwa pupa
kama mdaiwa aliyesikia mdai yuko njiani.
Siku tatu tu, na mto Skerrow ukavuka reli
ukaingia kanisani kwetu kwa mlango wa chini,
bila kubisha, bila kuvua viatu.

Niseme kwanza habari za mlango huo.
Uko nyuma, upande wa mapipa ya taka,
ngazi saba kushuka, taa inayopepesa.
Tangu kiwanda cha karatasi kifungwe
kila Alhamisi saa kumi watu hushukia pale
kuchukua viazi, unga, maziwa ya kopo,
kisha hupanda na mifuko, macho chini.
Sisi wa Jumapili huingia kwa mbele,
penye kengele na mlango mwekundu.
Miaka kumi na moja tuliishi hivyo,
ghorofa moja juu ya nyingine,
na jambo hilo tuliliita huduma.

Jumamosi usiku simu zililia mji mzima.
Murdina Farquharson, karani wa baraza la wazee,
mwanamke anayehesabu hata vijiko baada ya chai,
alisimama ndani ya maji ya magoti,
tochi mdomoni, akipokeza magunia.
Tulijipanga ngazini mpaka alfajiri:
Mchungaji Baek katika buti za mumewe,
Ewart wa duka la pembejeo na mgongo wake mbovu,
na katikati yetu, bila kuitwa na mtu,
Dell Boutilier na binti zake wawili,
ambao nilizoea kuiona migongo yao tu.
Mkono kwa mkono, haba na haba,
ghala likapanda juu.

Basi Jumapili ya Mitende ilitukuta
viazi vimeketi mabenchi ya mbele
(ambako Mpresbiteri haketi hata kwa fimbo),
unga umeegemea mimbari,
maharagwe chini ya meza ya Bwana.
Mitende yenyewe haikufika, barabara ilikatika.
Watoto walipunga vitawi vya miti ya mtoni
vyenye vichipukizi laini, vya kijivu,
kama masikio ya paka wachanga.
Nilipiga kinanda kwa soksi.
Pedali moja ilivimba kwa unyevu
ikawa inaguna katikati ya zaburi.
Hakuna aliyecheka ila binti mdogo wa Dell,
kisha sote.

Mchungaji alikunja karatasi zake.
"Leo mahubiri yamenitangulia," akasema,
"yameketi pale mbele."
Naye akaketi. Kimya kikawa kirefu,
tukasikia pampu huko chini ikimeza na kutema.

Alhamisi ikafika, chini bado matope.
Wakaja kwa mlango mwekundu,
wakifuta miguu mara mbili, mara tatu.
Mmoja alivua kofia, akauliza kwa sauti ndogo
kama inaruhusiwa.
Mzee Torquil, mpokea wageni wa Jumapili,
hakujua aifanyie nini mikono yake;
mwishowe akampa kila mtu kitabu cha nyimbo
pamoja na kopo la maziwa.

Mwezi wa tano chini pakakauka, kuta zikapakwa chokaa.
Baraza likaketi: chakula kirudi, au kibaki?
Yalisemwa mengi. Zulia. Panya. Harusi ya Juni.
Harufu ya vitunguu wakati wa sala.
Murdina alinyamaza mpaka chai ikapoa,
kisha akafungua daftari lake.
"Kabla ya maji, kila Alhamisi, watu arobaini na wawili.
Kwa mlango wa mbele, sitini na wanane.
Hao ishirini na sita walikuwa na njaa siku zote,
wakiziona ngazi zetu."

Kura tano kwa nne. Sikuambii nani alikuwa wapi;
mji ni mdogo, nami ni mmoja wa wale tisa,
na mkono wangu ulichelewa kuinuka.

Kiazi kimoja kilisahaulika
chini ya benchi la akina Farquharson.
Kimetoa chipukizi refu, jeupe, linalotafuta dirisha.
Murdina amekiona. Simwulizi.
Kila Jumapili, tunaposimama kuimba,
husogeza mguu wake kidogo, kukipisha.