Kona ya Kisigino

Kazi yangu ni kufagia viti.
Usiku theluji huangukia lifti, na saa mbili asubuhi
nashika ufagio, kiti baada ya kiti,
hadi vyote sitini na vinne viwe vikavu.
Kilima chetu ni kidogo, nyuma ya kiwanda cha sukari,
huku Hokkaido, ambako mvuke wa viazisukari
hunuka uji ulioungua.
Watalii hawaji. Huja Chizuru.

Chizuru wa posta, miaka hamsini na saba,
miwani ya ukungu, ubao wa zambarau
alioununua kwa mjane wa mwalimu wa hesabu.
Ana saa moja na nusu kabla ya kufungua kaunta,
na ndani yake ana adui mmoja:
kona ya kisigino.

Ya vidole anaiweza. Hujilaza mbele, magoti karibu na ardhi,
kama mtu anayechungulia uvungu wa kitanda;
makali yanauma, ubao unapinda, unarudi,
na nyuma unabaki uzi.
Lakini ya kisigino, lo!
Krrr, krrr, krrr,
mkia unaponyoka, unaparuza, unasomba theluji pembeni,
nami alama ya ufagio naijua nikiiona.

Anayemfunza ni Fuyumi, binti wa dereva wa mtambo,
miaka kumi na sita, mdomo umejaa mkate:
“Mama, mbona unageuza? Nani kakwambia ugeuze?
Ulaze. Ulaze ubao, halafu ngoja.
Na makalio hayo! Kama unatafuta choo gizani.
Kunja magoti. Vuta vidole juu ndani ya kiatu.
Bega lisifike kabla ya kona.”
Chizuru akainama kwa adabu ya kaunta, akashukuru,
akashuka, akageuza.

Januari nzima akageuza.

Siku moja nikamwuliza ya nini yote haya.
Alikuwa anapangusa miwani.
“Miaka thelathini nasoma mwandiko mbaya wa watu,” alisema.
“Sitaki kuacha wangu.”
Kiti kikaja nyuma yake, akakikalia, akaondoka.

Nilibaki na ufagio mkononi.
Kwa vidole unaiona theluji unayoiegemea.
Kwa kisigino unaegemea usichokiona,
mgongo unakwenda wenyewe, na shingo haitaki.
Ndipo bega linarushwa, ndipo mkia unaponyoka.
Lakini huyu mama kila asubuhi, mara kumi na nne,
anakaa bila kugeuka nyuma.

Aliporudi nikamwambia. Si kawaida yangu kusema.
“Kiti changu hukiangalii unapokikalia.”
Akanitazama kama bahasha isiyo na anwani.
Kiti kikaja.

Februari, nyuzi kumi na nne chini ya sifuri,
mteremko umechanwa kwa kitana cha mtambo,
mgumu, unang'aa, haujaguswa.
Akashuka. Vidole: uzi.
Kisha pale katikati, ubao ukiwa bapa,
hauna makali ya huku wala ya kule,
pale anaporusha bega siku zote,
akangoja.
Nikahesabu moja.
Akakaa.
Alikaa kama kiti kipo.

Sikusikia kitu. Nilisubiri krrr yangu, haikuja.
Ubao ulipita chini yake kama kisu katika tikiti,
ukachora nusu duara jembamba, refu,
ukamtoa upande wa pili akiwa wima, mdomo wazi,
na kwa ile furaha
akasahau kona iliyofuata, akaanguka kifudifudi,
akajaa theluji hadi masikioni.

Saa tatu watoto wa shule wangekuja
na kuivuruga yote kwa makelele na mbao zao.
Akapanda kwa mara ya mwisho, shingo imegeuka chini,
akiusoma ule mstari mmoja ulipopita chini ya viti.

Nilipunguza mwendo wa lifti.
Kanuni hairuhusu.
Kitabuni niliandika: upepo.