Tochi Niliyochelewa Kuiwasha

Heldur alivua kiatu cha kushoto kwanza,
kile chenye soli nyembamba kama ganda la kitunguu,
maana mpiga kinanda wa kanisa la Viljandi
husoma noti za chini kwa nyayo,
na soli nene, alisema, ni kusoma kwa glavu.

Chini ya kifundo, upande wa nje,
kijiuvimbe, kama kokwa ya plamu.
Hakiumi, alisema. Kinasumbua buti tu.
Nilikibonyeza kwa kidole gumba. Theluji ya Machi
ilikuwa inageuka tope, na kwenye benchi
watu kumi na mmoja walikuwa wanakohoa.
Nikaandika: uvimbe wa maji. Tutazame.
Tochi ilikuwa mfukoni mwangu.

Mfukoni, nasema. Betri mpya.

Dada yake Salme alikuwa na dawa ya zamani:
akamlazia mguu juu ya kigoda jikoni,
akafunga kitabu cha nyimbo, kile cha jalada la ngozi,
akakishusha kama anayeua panya.
Maji yangepasuka, yangenywewa na mwili.
Uvimbe ukabaki. Heldur akachechemea Pasaka nzima,
na waliponisimulia walicheka wote wawili,
nami nikacheka.

Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa.
Chake kilikuwa kiatuni,
kikijilisha bila homa, bila kelele,
miaka miwili na miezi mitatu,
mpaka kokwa ikawa plamu nzima.

Ndipo nilipozima taa ya chumba
nikaegemeza tochi kwenye ngozi.
Maji hupitisha nuru; uvimbe wa maji huwaka mwekundu
kama tunda la waridi mwitu mbele ya jua.
Huu haukuwaka.
Nuru ilifika ukingoni ikasimama
kama mgeni aliyefungiwa mlango.
"Umeme umekatika?" Heldur aliuliza gizani.

Tartu walimwingiza kwenye mashine ya sumaku,
naye akahesabu ngurumo zake: robo, robo, nusu.
Daktari Reelika Põder hakukimbilia kisu.
Alichora kwanza mstari kwa wino,
akapitisha sindano juu ya mstari uleule,
kwa sababu njia ya sindano nayo itakatwa,
kila ilipogusa.
Ningekuwa mimi, ningeukwangua ofisini kwangu
kwa ganzi kidogo na nyuzi nne,
nikautawanya kama mbegu.
Nilikaribia. Hilo pia nalisema.

Jibu lilikuja siku ya kumi na mbili: sarkoma.
Utamwambiaje mtu aliyeshika kofia mkononi?
Nikasema: saratani ya nyama laini.
"Laini?" akasema. "Salme huniita mfupa mtupu."

Mionzi wiki tano. Kisha kisu,
na si uvimbe peke yake:
uvimbe pamoja na ukuta wa nyama nzima kuuzunguka,
kano mbili, ngozi, mshipa wa hisia wa ukingo wa unyayo.
Mkono wa kushoto ukauazima mguu wa kushoto kiraka.
Mguu ukabaki.
Kingo safi, waliandika maabara.
Maneno mawili, nikatafuta kiti.

Jumapili ya pili ya Adventi nilikaa nyuma kabisa.
Mguu wa kulia ulikimbia kazi ya miwili.
Kuna noti moja ya chini, mbali kushoto,
aliyoifikia kwa kuchelewa kila ubeti,
nusu pumzi.
Kufikia ubeti wa tatu waumini walikuwa wanaisubiri.

Kila miezi mitatu humpiga picha mapafu.
Nami huzima taa kwa kila kijiuvimbe kinachonijia.
Jana ilikuwa Triinu, binti wa fundi saa, miaka tisa:
juu ya unyayo wake pakawaka pote, wekundu mtupu, maji.
"Mbona unalia?" akauliza.
Nikamwambia avae soksi.