Swali la Kumi na Saba

Fomu imekuja ndani ya daftari la Hisabati,
imekunjwa mara nne, ina mafuta ya kitumbua.
Chilewa ameiweka juu ya kinu akasema,
"Mwalimu anaitaka Ijumaa, na saini."

Jina la mzazi au mlezi: Talita Msagala.
Idadi ya vyumba: viwili, na jiko la nje.
Mnalala wangapi chumba kimoja?
Hapo kalamu inasita, lakini naandika.
Nani humfokea mtoto? Mara ngapi kwa wiki?
Mlikula nini jana usiku?
Ugali wa uwele, mlenda.
Haya, serikali nayo ionje.

Kisha namba kumi na saba:
Je, mtoto hukojoa kitandani? Kama ndiyo, tangu lini?

Tangu Septemba, baba yake alipopanda basi la Singida
na begi aliloliwekea zipu mpya.
Lakini hilo nalijua mimi, na Chilewa,
na ua wa minyaa nyuma ya nyumba
ninakoanika blanketi kabla jogoo wa jirani hajamaliza,
upande usioonekana kutoka njiani.
Hatulizungumzi.
Namtengea maji, anaoga, ananiamkia
kwa sauti ya mtu mzima.

Mlango wetu hapa Nkuhungu ni wa bati.
Anayekuja husimama penye jiwe,
hupiga hodi, husubiri.
Hodi ya kwanza najifunga kanga.
Ya pili naficha ndoo.
Ya tatu ndipo nasema karibu.
Hata mdai kodi hunipa hodi zangu tatu.
Karatasi hii imepita bila neno,
imebebwa na mwanangu mgongoni.

Na ninajua inakokwenda.
Kule Mtumba nilipandisha maji ya zege kichwani,
ghorofa ya pili, ya tatu, msimu mzima wa kiangazi.
Fundi akanionyesha chumba kimoja:
hiki cha kumbukumbu, hakina dirisha.
Lipu yake niliimwagilia kwa mikono hii
isije ikapasuka.
Sikujua nawatunzia mahali
pa kulikunja blanketi la mwanangu.

Ningeishia hapo, ningekuwa mama mwenye haki.
Lakini kuna Nyendo.
Nyumba ya tatu kutoka kwetu, mwaka juzi,
tulimsikia usiku. Sote tulimsikia.
Tukageuza ubavu, tukasema, "Ya ndani hayo."
Mlango wao ulikuwa umefungwa vizuri sana.
Leo anachota maji kwa mkono mmoja,
ule mwingine haunyooki,
na mimi humsalimia nikiangalia ndoo.

Kwa hiyo sisemi isije.
Nasema ije kwa miguu, ina jina,
isimame penye jiwe
mpaka nimalize kujifunga kanga.
Na nisipoitika, na ndani kuna kilio,
basi ivunje.

Ijumaa mwalimu Mbijima ananipigia.
"Mama Chilewa, zote umejaza.
Kumi na saba umeiacha wazi."

"Sikuiacha wazi, mwalimu.
Hiyo ndiyo niliyoifunga."

Anavuta pumzi. Kengele ya mapumziko inalia kwake,
na huku kwangu upepo umelishika blanketi,
umeling'oa kwenye minyaa,
unalikokota kuelekea njiani,
nami nakimbia, simu sikioni,
nikisema ndiyo mwalimu, nakusikia, ndiyo.