Sentineli Anasikiliza Somo

Usiku mlima ulikohoa jivu, kabla ya alfajiri manyunyu yakalilowesha,
na uwanja wa shule yetu pale Ndosho
ukawa unga uliokandwa, unasubiri mguu.

Mwalimu Musubao hakuingia darasani.
Alininyang'anya fagio. "Leo hakuna kufagia,"
akawapanga watoto ukingoni, rula mikononi.

Ndipo nikasikia habari za dinosaria,
mara ya kwanza, na miaka yangu hamsini na sita.
"Mfupa," alisema, "ni wa siku ya kufa.
Unyayo ni wa siku ya kawaida:
mnyama ana kiu, anateremka mtoni,
hana habari kwamba tope linamwandika."
Kwamba kati ya nyayo hakuna mchirizi wa mkia,
basi mkia aliubeba juu.
Kwamba wakubwa na wadogo walishika njia moja, siku moja.
Kwamba ukizidisha urefu wa unyayo mara nne
unakaribia kimo cha nyonga,
hata kama nyonga yenyewe haijaonekana tena.

Kyakimwa aliinamia vidole vitatu.
"Na huyu?"
"Kuku wa direkta," nikajibu mimi.
Mwalimu akacheka. "Ukoo ni uleule wa yale majitu.
Amepungua tu."

Wakasoma gurudumu la chukudu, lina pengo upande mmoja.
Wakasoma mbuzi anayechechemea.
Kisha wakafika chini ya ukuta wa mawe meusi:
nyayo kubwa, peku, na kando yake ndogo.
Hatua saba pamoja.
Ya nane, ndogo zinakoma.

Watoto wakanyamaza. Katika mji huu
kila mmoja anaijua nyumba ambayo hesabu yake ilikoma hivyo.

Kyakimwa akachomeka rula kwenye kisigino.
"Hapa sentimita mbili. Hapa tatu na nusu.
Mwalimu, hajapotea. Amebebwa."

Pumzi zikarudi, na kelele nyuma yake.
"Na hatua zimerefuka," akaongeza Muhindo,
"walikuwa wanakimbia mvua."

Hapo sikusema kitu.
Saa kumi za usiku nilikuwa na tochi yangu;
mimi ndiye niliyewafungulia geti,
njia ya mkato ya zahanati.
Si mvua. Na yule mtoto, mgongoni, mwili moto,
alikuwa anahesabu nyota ambazo jivu limezificha,
akiruka tano kila akirudia.
Nyota hizo rula haikuzipata.
Lakini uzito iliupata, na mkono ulioinama iliupata,
na mimi sentineli nikaona: si haba.

Jioni nikarudishiwa fagio.
Nikafagia pande tatu.
Ule wa ukutani nikauacha, nikaketi na tochi imezimwa,
nikawaza mto wao wa zamani, tope lao, kiu yao,
na kwamba usiku ule
hapakuwa na mtu wa zamu.