Nukta ya Kalamu Nyekundu

Rukaiya, kiti hiki kinayumba mguu wa nyuma,
usikiegemee. Hilo la kwanza.
La pili: kabla hujagusa kibodi,
shuka chini saa kumi na moja alfajiri, maziwa yanapopokelewa,
simama pembeni, usiseme kitu,
mtazame Bi Tatu Semkiwa anavyoandika.

Mimi sikushuka.
Nilikuja na kompyuta mpya na shahada yangu,
nikaketi hapa ghorofani, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
nikachora majedwali mazuri kama mkeka wa harusi:
mfugaji, lita, tarehe, malipo.
Daftari lake nililipekua dakika kumi,
nikaliona chafu: chai imemwagikia, pembe zimekunjamana,
na kando ya baadhi ya majina
nukta ya kalamu nyekundu.
Nikadhani wino umevuja.

Mwisho wa mwezi programu ikalipa watu mia tatu na arobaini
kwa mpangilio wa alfabeti, bila kosa la senti,
na foleni ikawa kama matanga.
Kumbe nukta ni mjane, au mwenye mgonjwa Bombo;
hulipwa kila Jumamosi, hangoji mwezi.
Kanuni hiyo haikuandikwa popote.
Ilikaa miaka kumi na tisa kwenye ncha ya kalamu.
Mama mmoja wa Pongwe alikaa kwenye ngazi,
ndoo tupu katikati ya magoti,
akaniuliza polepole, kama anayekuja kuazima chumvi:
"Mashine yenu hainijui?"

Haikumjua. Sikuipa mahali pa kumjulia.

Siku hizi iko safuwima inaitwa nukta.
Mkaguzi alitaka nibadili, liwe jina la kitaalamu.
Nikamwambia jina la kitu huulizwa anayekiita.

Mengine nakupa kama yanavyonijia.
Usimtambue mtu kwa jina. Tuna akina Hemedi Mhina watatu:
wawili ni baba na mwanawe, wa tatu hana undugu nao,
na ng'ombe wake ndiye anayewashinda wote.
Kila mmoja mpe namba, na namba isirithiwe
hata mwenyewe akitangulia mbele ya haki.
Sanduku la lita lisipokee maneno.
Likiruhusu "kumi hivi", wataandika kumi hivi,
nawe utakesha ukijumlisha hivi.

Nakala rudufu usiyowahi kuirudisha ni dua tu.
Nilikuwa nazo za miezi minne. Diski ilipokufa
nikafungua ya kwanza: tupu. Ya pili: tupu.
Tulijenga upya kutoka kwenye lile daftari chafu,
Bi Tatu akisoma, mimi nikichapa, siku tatu,
wala hakunicheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Na tovuti. Ee, tovuti.
Kila mtu anataka kuweka, hakuna anayetaka kuondoa.
Bei nono ya kiangazi cha mwaka juzi ilibaki ukurasa wa mbele;
vijana wakapakia madumu usiku kutoka Maramba,
wakafika simu mkononi, wananisomea maneno yangu mwenyewe.
Tangu hapo kila tangazo lina siku ya kuzaliwa na siku ya kufa,
na jina la mtu wa kuulizwa, si "ofisi".
Andika kwa ajili ya anayesoma juani
kwenye kioo kilichopasuka, bando likikaribia kuisha.
Picha ya mwenyekiti akikata utepe ni nzito kama gunia la pumba:
nimeipunguza mara mbili, kairudisha mara mbili.
Hiyo nakuachia.

Nenosiri liko kwa mhasibu, ndani ya bahasha.
Zamani lilikaa chini ya kioo cha meza,
mfagizi akilijua kuliko mimi.

Nilidhani nimemaliza.
Lakini jana, nikipita na boksi la vitu vyangu,
nimemwona Bi Tatu ana kalamu ya kijani.
Ameshaweka nukta nne.
Sijui maana yake.
Shuka ukamwulize.