Loti ya Kumi na Saba

Vibao niliandika mimi,
kwa rangi nyeupe iliyobaki siku tulipopaka mawe ya getini
kumngoja mkubwa ambaye hakuja.
Loti ya kwanza: jenereta, haiwaki.
Loti ya pili: jenereta, huwaka ikibembelezwa.
Loti ya tisa: nyaya za shaba, uzito haujulikani,
kwa sababu mizani yenyewe ni loti ya kumi.

Laini kubwa ilipofika, injini zetu zilizimwa Jumanne, saa nane mchana,
na watu wa Igoma wakatoka nje wakiulizana kuna nini.
Miaka ishirini na mbili walilala juu ya ngurumo ile;
watoto waliozaliwa humo walishtushwa na kimya.

Mthamini alitoka Dodoma na kalamu ya wino wa kijani.
Mashine namba tatu aliizunguka mara moja,
akaandika neno moja: chakavu.
Fundi Lugembe, aliyekuwa akiiamkia kila asubuhi kwa Kisukuma,
akafuta mikono ambayo haikuwa na grisi.
"Hata mimi," akasema, "nikizungukwa mara moja tu,
neno ni hilo hilo."

Siku ya mnada yadi ilijaa.
Wa vyuma chakavu walipima kila kitu kwa teke.
Mbuke wa Nansio, mwenye kiwanda cha barafu,
alipima kwa sikio: akalilaza ubavuni mwa loti ya pili,
akaomba iwashwe.
Ikakohoa. Ikakataa. Lugembe akainong'oneza,
ikakubali.
Mbuke alihesabu noti zenye harufu ya sangara, moja moja, bila haraka,
na jioni nikaiona ikipanda kivuko imefunikwa turubai,
moto wetu ukienda Ukerewe kugandisha maji.
Nilicheka peke yangu kama mwehu.
Namba tatu ilikatwa palepale, kwa gesi, vipande kumi na vinne.
Lugembe hakuwepo. Alisema ana msiba,
wala hakuna aliyemuuliza msiba wa nani.

Sasa hii ya kumi na saba.
Mapipa sita, mafuta ya transfoma kuukuu
iliyokwanguliwa bati la jina,
hajulikani aliyeiunda wala alichoimwagia tumboni.
Sampuli ilikwenda maabara, majibu bado.
Meneja akasema, "Bi Nyanjige, hesabu za mwaka zinafungwa Juni.
Mafuta ni mafuta. Bei ipo."
Bei ipo kweli. Mafuta haya ni meupe, hayaungui upesi,
kikaango kimoja huenda nayo wiki nzima,
na kule mwaloni wapo wanaolijua hilo.
Nikachukua brashi, rangi nyekundu,
nikaandika IMEONDOLEWA, pipa hadi pipa.
Meneja aliniangalia kama mtu anayeangalia deni.

Asubuhi nikahesabu. Matano.
Nikarudia kwa kuyagusa, kama mama anayehesabu watoto gizani. Matano.
Mlinzi aliapa kwa kaburi la babu yake.
Kufuli lilikuwa zima, jipya, linang'aa.

Kitabu kinataka saini yangu.
Meneja ameshanisaidia: juu ya "sita" yangu amepitisha penseli,
taratibu, kwa adabu, kama mtu anayefuta vumbi.

Jioni hii nimeshuka mwaloni, kitabu kwapani.
Majiko yamewaka, sato wanageuzwa, wateja wana haraka.
Nimenunua kipande kwa kila mwenye kikaango,
sijala hata kimoja; nimevifunga kwenye gazeti,
navinusa kimoja kimoja chini ya taa ya barabarani,
taa ambayo umeme wake hautoki kwetu tena.
Kijana wa soda ananiuliza, mama, unatafuta nini?
Harufu, namwambia.
Ndipo nakumbuka: mafuta yale
hayana harufu.